Karibu ya Wifi

Jirani wa chumba cha tatu alikuwa amekaa mlangoni anakula pilau Rehema alipopita na beseni la nguo. "Karibu," jirani akasema. "Starehe," Rehema akajibu, na njaa ilikuwa inamkata utumbo tangu mchana. Ndivyo tulivyolelewa. Anayekula hukaribisha, anayepita hushukuru akaenda zake, sahani ikabaki ya mwenyewe na adabu ikabaki ya wote. Mtoto yeyote wa kwetu huyajua haya kabla hajajua kujifunga viatu. Ndiyo maana inaniuma kwamba Rehema, mwanamke mzima mwenye shahada ya saikolojia, alikuja kulisahau somo hilo siku aliyolihitaji kuliko siku zote.

Nyumba yenyewe iko Al Wakrah, nje kidogo ya Doha. Ilikuwa villa ya maana, mwenyewe akaikatakata kwa mbao mpaka kila chumba kikawa vitatu, na kila kimoja akakikodisha kwa familia. Faraji, mumewe Rehema, kazi yake kuendesha basi la shule. Rehema alikuwa katika kituo cha kulelea watoto huko Al Thumama. Kwenye mkataba aliandikwa msaidizi wa mwalimu, kazini akibadilisha nepi. Shahada yake ilikuwa ndani ya bahasha chini ya godoro, na miaka yote hiyo ya nepi alikuwa akiviandikia vyuo vya Kanada, anakataliwa, anaandika tena.

Mwaka huu vyuo viwili vikamkubali kwa mpigo. Kimoja kiko katika mji mdogo wa magharibi, kwenye nyanda ambazo hata kwenye ramani huonekana tupu. Rehema alikuwa amemwandikia profesa mmoja wa pale juu ya wanawake anaokutana nao Doha, mayaya na wapishi, wanaowalaza watoto wao kwa simu, wanaowakaripia kwa simu na kuwasahihishia hesabu za shule kwa simu, mpaka mtoto akikua anamjua mama kama sauti. Profesa alimjibu mwenyewe. Hili tulifanye pamoja, alisema, njoo. Ada italipwa na chuo, na kazi ya utafiti itakupa posho ya kuishi. Chuo cha pili kiko katika jiji kubwa la mashariki. Hicho kilimpa punguzo la nusu ya ada na barua iliyoanza kwa maneno "Mpendwa Mwombaji".

Mwenye macho angekwishachagua. Lakini katika jiji lile la mashariki alikuwako Sabra, dada mkubwa wa Faraji. Basi nyumbani vile vyuo vikapata majina. Kimoja kikaitwa cha kwenye theluji na kingine cha kwa dada, kana kwamba kwa dada kulikuwa kunaanguka jua.

"Sasa huko kwenye theluji," Faraji aliuliza huku anapiga pasi shati la kazi, "pana mtu wetu?"

"Pana profesa."

"Profesa mtu wetu?"

"Profesa ndiye anayenitaka, Faraji. Kule kwingine hakuna hata anayejua kutamka jina langu."

"Kule kwingine pana dada." Aligeuza kola akaibana na pasi. "Mie sikukatazi. Lakini nikupandishe ndege uende mahali ambapo sina hata mtu wa kumpigia simu nikamwuliza umefika? Hebu tumwulize mama kwanza."

Faraji si mtu mbaya, nisimsingizie. Hanywi, hapigi, mshahara analeta nyumbani. Ni mtu wa kumwuliza mama tu, na mama hajapata kukosa jibu.

Walikaa kikao Ijumaa baada ya sala ya alasiri. Ami Vuai, mdogo wa baba yake Faraji, mpishi wa hoteli hapo hapo Doha, alikuja na boksi la halua akakalia kiti pekee kilichomo. Rehema na mumewe walikaa kitandani. Simu iliegemezwa kwenye kopo la mchele, na ndani ya simu walikuwamo wawili. Upande mmoja Bi Kidawa, mama mkwe, yuko Unguja sebuleni kwake, nyuma yake vigae vipya vinang'aa. Vigae, bati, milango na kitanda cha kuchonga vyote vilikuwa vya Sabra, na Bi Kidawa hakumwacha mtu asahau. Upande wa pili Sabra mwenyewe, kwake ni asubuhi, kakaa mbele ya ukuta mweupe wenye maua ya plastiki, pale pale anapokaa kila siku.

"Nasikia mke wetu anakwenda kusomea wendawazimu," alifungua Ami Vuai.

"Saikolojia, ami."

"Ndo hiyo hiyo."

Walicheka. Rehema naye alicheka kidogo, maana asingecheka ingekuwa kanuna. Alikuwa amejipanga. Alieleza ada, akaeleza posho, akaeleza kwamba hata nguo za baridi kuna ofisi ya chuo inayowaazima wageni. Alisema vizuri, bila kubabaika, kama anavyosema mtu aliyejifunza mbele ya kioo. Bi Kidawa alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, mie sisemi usisome. Nakuuliza neno moja tu. Huko kusiko na watu wetu, ukipatwa na la kupatwa, nani atakuosha?"

Rehema alikuwa amejiandaa kwa kila swali ila la maiti yake.

"Waislamu wapo, mama. Na msikiti upo, niliuliza."

"Waislamu wa wapi? Watakugeuza watu wasiojua hata umezaliwa na nani?"

"Hilo neno," Ami Vuai akasema, akatikisa kichwa kwa huzuni, na Rehema akaona kwamba keshazikwa. Faraji aliangalia zulia.

"We Sabra," Bi Kidawa akaita, "mbona kimya? Si una nyumba huko, wewe? Mkeo huyu anahangaika na profesa, na wewe upo?"

Huko kwetu mke wa kaka ni mke wako pia, kwa utani. Sabra hakuuchukua utani. Alikohoa, akaangalia kitu kilichoko chini ya simu, halafu tabasamu likamjia.

"Nyumba ninayo, mama. Kwani wifi anahitaji kuomba? Chumba cha wageni kipo kitupu, hakina mtu. Karibu, wifi. Karibu sana, kwangu ni kwako."

Rehema aliliona tabasamu lile. Lilikuja likiwa limechelewa na likabaki usoni baada ya maneno kwisha, na yeye alisomea mambo hayo, alifanyia mtihani. Aliliona, na papo hapo akajiambia ni mtandao tu. Bi Kidawa alikuwa keshapiga kigelegele. Ami Vuai alikuwa keshafungua halua, anasema alhamdulillahi, yamekwisha.

Hapo ndipo pa kusema starehe. Asante wifi, Mungu akuzidishie, lakini mie nimeshapata pangu. Sabra angebembeleza, Rehema angekataa, wangebembelezana tena, na siku ya safari angeondoka na baraka za watu wote. Lakini macho yalikuwa juu yake, ya mume, ya ami, ya mama mkwe, na alikuwa amechoka kuitwa mkaidi. Na tuseme kweli, moyo wake nao ulipapenda. Mtu wa kumpokea uwanjani, sufuria za mtu anayejua kupika wali, nani asingependa?

"Asante sana, wifi," akasema. "Nitakuja."

Tabasamu la Sabra halikusogea.

Kesho yake asubuhi Faraji alileta chai, akakaa kitandani nyuma ya Rehema aliyekuwa anafungua kompyuta. Chuo cha theluji kilikuwa kimempa siku kadhaa zaidi za kufikiri.

"Ningengoja kidogo," Rehema akasema.

"Ungoje nini tena? Si yamekwisha?"

"Wewe unaona dada alisema kwa moyo?"

"Kasema mbele ya mama, Rehema."

Rehema akabonyeza kukataa. Kompyuta ilimwuliza kama ana hakika, akabonyeza tena. Halafu akamwandikia profesa barua ya kushukuru, na profesa akajibu kwa upole kwamba amesikitika, na kwamba nafasi itakwenda kwa aliyekuwa akingoja nyuma yake. Faraji alimpigapiga begani akamwambia hongera.

Wiki hiyo hiyo mkataba wa kituoni ulikuwa unaisha. Mkuu wa kituo, mama mmoja wa Kishami anayewapenda watoto na asiyewapenda wafanyakazi, alimwekea mkataba mpya mezani. Rehema akamwambia hatasaini, anakwenda Kanada kusoma.

"Kanada? Wewe?" Mama yule aliita mwalimu wa chumba cha pili aje asikie. "Rehema wetu wa nepi, anakwenda kuwa daktari wa akili!" Walicheka mpaka mwalimu akashika mlango. Halafu mama akarudi kwenye karatasi zake. "Mabruk," akasema bila kuinua uso. "Kabla hujaondoka, mfundishe mwenzio."

Mwenzio alikuwa Milka, binti wa Kikenya, mchangamfu, aliyeletwa siku ya tatu. Rehema alimfundisha kila kitu, mtoto gani analala na kitambaa gani, yupi anauma wenzake, yupi ukimwinua kwa ghafla anatapika. Milka alimwita madam. "Madam, kwani huko Canada unaenda kusomea nini hasa?" akauliza, na aliposikia akapiga mluzi. "Wueh! Utarudi ukiwa mtu mkubwa, usitusahau." Rehema alitembea nalo neno hilo siku nzima.

Kwa ajili ya viza ilihitajika anwani ya mwenyeji. Rehema alimwandikia Sabra. Ujumbe ulisomwa, jibu halikuja. Akaandika tena, akaweka salamu nyingi mbele. Ukasomwa. Akaandika mara ya tatu akiomba radhi kwa usumbufu. Ndipo Sabra akapiga, adhuhuri, Rehema yuko nyumbani peke yake anachambua mchele. Safari hii hakukuwa na picha, sauti tu.

"Wifi, umefanya nini?"

"Nimefanya nini, wifi?"

"Mama ananambia umekikataa chuo cha bure. Ni kweli?"

"Si tulikubaliana nije kwako? Ulisema..."

"Mie nilisema karibu!"

Rehema aliweka sinia chini.

"Mtu akikwambia karibu ndo unavua viatu?" Sabra alikuwa anasema haraka, kwa sauti ya chini, kama mtu aliyejificha. "Mbele ya mama, mbele ya ami, ulitaka nisemeje? Niseme sina? Nilikukaribisha nikijua una akili zako. Nikasema huyu kasomea vichwa vya watu, ataelewa. Atanishukuru atakwenda kwa profesa wake, na mie ntakuwa nimeshakaribisha. Kumbe mjinga!"

"Chumba cha wageni..."

"Chumba gani, Rehema? Nakaa chini ya nyumba ya watu, chini ya ardhi. Chumba kimoja mie na Mfilipino. Yeye kazi ya usiku, mie ya mchana, kitanda kimoja. Ule ukuta wenye maua unaouona, ndo nyumba yote hiyo."

Rehema alisema atatafuta chumba chake mwenyewe, hatamsumbua, anaomba amwonyeshe mji tu. Sabra alicheka kwa pua.

"Kwa pesa ipi? Kodi ya huku itakula hiyo nusu ya ada na mumeo juu yake. Na hata ungekuwa nayo, hutakuja. Ukija watakuuliza nyumba ya Sabra ikoje, na wewe una mdomo." Sauti yake ikawa ngumu zaidi. "Mama alikuuliza nani atakuosha. Unajua mie kazi yangu nini? Naosha wazee. Nawavua nawaosha, wazima hao, na wengine wananitukana huku nawaosha. Vile vigae mnavyovisifu ndo hivyo. Mama akijua atavibandua kwa kucha. Sasa sikiliza. Utawaambia umebadili mawazo, wewe mwenyewe. Ukithubutu kunitaja, ntasema uliniomba pesa nikakunyima, na tuone nani ataaminiwa. Mie mtoto, wewe umeolewa."

Simu ikakatwa. Rehema aliumia mpaka akashindwa kulia. Alifungua kompyuta akamwandikia profesa, akaandika vibaya, makosa kila mstari, akaomba kama anavyoomba mtu aliyeshikwa mguu na maji. Jibu lilikuja siku ya pili. Nafasi imejazwa. Profesa aliongeza kwamba huyo ndiye mwanafunzi wa mwisho atakayemchukua, kwani anastaafu, na kwamba wazo lile la kina mama wanaolea kwa simu ni zuri na asiliache.

Jioni alimwambia Faraji. Alimwambia yote, la chini ya ardhi, la kitanda, la wazee. Alitarajia apige ukuta, au ampigie dada yake, au hata aseme ni uongo. Faraji alikaa ukingoni mwa kitanda akavua soksi moja.

"Nilikuwa nahisi," akasema.

"Ulikuwa unahisi nini?"

"Ule ukuta. Miaka yote ukuta ule ule. Mtu ana nyumba kubwa, hatembei nayo simu hata siku moja akatuonyesha jiko?"

Rehema alimtazama. "Ukakaa nyuma yangu, ukanletea chai, ukaniacha nibonyeze?"

"Nilidhani mtabanana tu. Watu hubanana."

"Faraji!"

"Usinipigie kelele, hizi mbao zinasikika." Alivua soksi ya pili. "Mama ana presha, unajua. Hili likimfikia litamwangusha. Na Sabra ndo anayemlisha, mie sina uwezo wa kumlisha mama kama Sabra. Waambie umebadili mawazo. Wewe umekuja tu kwenye ukoo huu, yatapita. Watasema siku mbili watachoka."

"Na mimi?"

"Wewe una mume," Faraji akasema, na alikuwa amekusudia kumfariji.

Asubuhi Rehema alivaa sare yake ya zamani akaenda Al Thumama. Mkuu wa kituo alimsikiliza akiwa amesimama. Nafasi ya msaidizi anayo Milka, akasema, na Milka ni mwepesi. Iko ya usafi, kama anaitaka. Sare yake ni nyingine, ya kijivu. Milka alikuwa mlangoni na mtoto begani, na kwa aibu akageuza uso, akajifanya anamwimbia mtoto. Tangu siku hiyo hakumwita tena madam. Hakujua amwite nani, basi akawa anaanza maneno bila jina.

Kikao cha pili kilikuwa Ijumaa vile vile, baada ya alasiri vile vile. Ami Vuai hakuleta halua. Simu ikaegemezwa kwenye kopo la mchele, Unguja wakaingia, Kanada wakaingia, na Faraji akamgusa mkewe kiwiko kidogo.

"Nimeamua kutokwenda," Rehema akasema. "Nimebadili mawazo."

"Umebadili mawazo," Bi Kidawa alirudia, akilitafuna neno. "Watu tunakaa vikao, ami yako anaacha shughuli zake, mwanangu anaandaa chumba, wewe unabadili mawazo. Kuna nini? Mbona husemi?"

"Hakuna kitu, mama. Nimeona niache tu."

"Angesema mapema tungekula halua kwa sababu nyingine," alisema Ami Vuai. "Basi wendawazimu watajisomea wenyewe." Akacheka, na safari hii Faraji naye alicheka.

"Mie tangu mwanzo nilijua si mtu wa kufika mahali," Bi Kidawa akaendelea. Alisema bila hasira, kama anayesoma bei sokoni. "Mtu anayejua anachokitaka utamwona. Huyu kataka theluji, kataka kwa Sabra, sasa hataki kitu. Basi turudi kwenye la maana. Miaka mingapi mmeoana? Tupatieni mjukuu. Hilo halihitaji profesa." Halafu akageuka. "Sabra mwanangu, tusamehe. Tumekusumbua."

Sabra aliinama, akainuka, na uso wake ulikuwa na huzuni nzuri kabisa.

"Msinitake radhi, mama. Ila wifi umenivunja moyo, sikufichi. Nimeshanunua mashuka. Nimeshapanga na kabati. Nikasema angalau ntapata mwenzangu wa kupika naye." Alisogea karibu na simu, na aliposogea ile simu ikainama kidogo. Pembeni mwa maua ya plastiki ukatokea ukingo wa kitanda, na juu ya kitanda unyayo wa mtu aliyelala, ndani ya soksi ya bluu. Sabra akaiweka simu sawa. Bi Kidawa alikuwa anafuta miwani yake kwa kanga. Ami Vuai alikuwa anatafuta kiberiti. Faraji aliona, na akaangalia zulia.

"Lakini haidhuru," Sabra akasema. "Mwakani, mwaka wa keshokutwa, siku yoyote utakayotaka. Mlango uko wazi. Karibu, wifi. Karibu sana, kwangu ni kwako."

Wote walimgeukia Rehema. Mikono yake ilikuwa inanuka dawa ya vyoo, hata baada ya kunawa kwa ndimu, akaikunja mapajani.

"Starehe, wifi," akasema.

"Haya," akasema Bi Kidawa, akavaa miwani yake. "Angalau adabu anayo."